Nitadai Chai Yangu

Jumapili, 10 Novemba

Daftari hili si langu. Mwanamkuu amenunua mawili huko Isevya, moja la kuandikia maneno ya nesi na jingine la akiba. Nimelichukua la akiba ili niandike malalamiko yangu kabla sijayasahau. Nina miaka sitini na nne, sijawahi kuandika habari zangu, na kama nesi yule asingeingia katika nyumba hii nisingeanza leo.

Mambo yenyewe ni haya. Mke wangu ana uvimbe kwenye mfuko wa mayai, upande wa kushoto. Daktari amesema utolewe haraka kwa sababu hapendi sura yake. Wiki ya mwisho ya mwezi huu madaktari bingwa wanakuja kuweka kambi hapa mjini siku tano, na Mwanamkuu ameandikwa Alhamisi, tarehe 28. Hilo nimelipokea. Kinachonikera ni huyu nesi Sayi. Amemwambia mke wangu atunge sentensi zake mwenyewe, fupi, za kumtuliza, azikariri asubuhi na jioni huku anavuta na kutoa pumzi, ili siku ya kisu moyo usimwende mbio.

Mimi ni mwalimu wa chuo. Barazani kwangu watoto wanasoma Kurani tangu marehemu baba yangu hajaota mvi. Watu wanatoka mpaka Sikonge kuja kuandikiwa kombe: naandika aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, inaoshwa kwa marashi, mgonjwa anakunywa. Leo mke wangu mimi anafundishwa kujituliza na binti wa juzi kutoka Choma!

Nimemuuliza Mwanamkuu, "Na aya je?"

Amenijibu bila kuinua macho kwenye cherehani. "Aya ninazo, Mwalimu. Hizi ni za kuongezea."


Jumanne, 12 Novemba

Amekwisha kutunga. Nimezinakili hapa ili siku nyingine asije akasema nimemsingizia.

Mwili wangu ni wangu hata nikilala.
Mikono itakayonishika inaijua kazi yake.
Nitaamka, nitadai chai yangu.

Ya kwanza sijaielewa. Ya pili ni ya kifundi, na Mwanamkuu ni fundi; ameshona sare za nusu ya shule za mji huu. Anasema, "Miaka thelathini nakata vitambaa vya watu, hakuna hata kimoja kilichonipigia kelele. Na mimi nitalala tu."

Ya tatu ndiyo iliyonipandisha hasira. Nimemwambia, "Unasemaje nitaamka kavukavu hivyo? Inshallah iko wapi?"

"Nesi kasema iwe fupi."

"Inshallah ni neno moja!"

"Mungu tumezoeana, Baba Najiat. Anajua nimesema kwa adabu." Akacheka, kisha akajishika ubavu wa kushoto, nami nikaacha kubishana.


Alhamisi, 14 Novemba

Mvua ya kwanza. Kumbikumbi wamejaa barazani, watoto wa chuo wamewafukuzia na hakuna aliyesoma.


Jumapili, 17 Novemba

Nimempeleka kupima damu, nikamwona huyo Sayi kwa macho yangu. Nilitarajia mwanamke mwenye maringo. Ni binti mwembamba, viatu vya raba vimeisha visigino, anapita kitanda kwa kitanda akiwaamkia bibi wa Kisukuma, "Mwangaluka, mayo," nao wanamwitikia kama mjukuu. Alinipigia shikamoo, nikamwitikia kwa ubaridi.

Nikamhoji. Maneno hayo umeyatoa wapi? Nani kakupa ruhusa? Akasema, "Mwalimu, mama yangu alipopasuliwa alikuwa anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Watu walipita tu. Hakuna aliyemwambia kitu. Nikasema nikiwa nesi, mgonjwa wangu hataingia mle ndani bila neno la kushika."

"Neno la kushika ni la Mungu," nikasema.

"Na mimi nasali, mwalimu. Ila mkeo nimemuuliza anaogopa nini hasa. Umewahi kumuuliza?"

Sikupenda alivyonijibu. Jioni hii nimemuuliza Mwanamkuu anaogopa nini hasa. Amesema anaogopa kulala uchi mbele ya watu asiowajua, na yeye hajui kinachoendelea. Sasa ile sentensi ya kwanza nimeielewa.


Jumatano, 20 Novemba

Anazisema akikanyaga cherehani. Zimenikaa kichwani. Leo nilikuwa natawadha nikajikuta nasema, nitaamka, nitadai chai yangu. Astaghfirullah.


Jumapili, 24 Novemba

Mvua siku tatu mfululizo. Mtaro wa mbele umeziba, maji yamefika kizingitini.

Mwanamkuu hajawahi kupenda ladha ya kombe. Tulipokuwa wadogo alisoma chuoni kwa baba yangu, na kila alipougua malaria baba akimwandikia, yeye anakunja uso na kuubana mdomo. Mimi ndiye niliyekuwa naiba asali ya nyuki wadogo kwenye kibuyu cha mama nikatia kijiko kimoja ndani ya sahani. Naamini aliolewa na mimi kwa ajili ya asali ile, ingawa mwenyewe hukana.

Kesho analazwa. Nguo zake amezikunja mwenyewe, amezipanga kwa rangi. Mashine ameifunika shuka. Kwenye daftari lake ameandika jina la nesi na namba ya simu kwa herufi kubwa, halafu chini yake ameandika: Mwalimu asisahau kula.

Nampenda mwanamke huyu. Sijui kama nimewahi kuliandika mahali popote.


Alhamisi, 28 Novemba

Nataka kuandika yote kama yalivyokuwa, bila kujitetea.

Jana adhuhuri ndipo alipokula mara ya mwisho. Nilipoondoka wodini jioni alikuwa ananong'ona sentensi zake, na Sayi amemshika kidole gumba. Ndivyo anavyofanya huyu binti, hashiki mkono, anashika gumba. Nikarudi nyumbani na aibu ya aina yake. Nilikuwa nimebishana na sentensi tatu majuma mawili, na hizo ndizo zilizokuwa zinamlaza.

Alfajiri baada ya sala nikachukua sahani nyeupe na zafarani. Nilikusudia kuandika aya za shifaa, zile za uponyaji, kama siku zote. Kalamu ikagoma. Nikaandika sentensi zake, kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa na baba yangu. Mwili wangu ni wangu. Mikono itakayonishika. Nitaamka. Sikuongeza inshallah. Niliona hiyo ndiyo zawadi yangu, kwamba safari hii nimemsikiliza alivyosema mwenyewe.

Halafu nikamwonea huruma ya njaa. Marashi peke yake nikaona ni makali kwa tumbo tupu. Nikachemsha maziwa, nikatia asali vijiko vitatu, nikajaza chupa ya chai.

Saa kumi na mbili geti hufunguliwa kwa wanaopeleka uji wa wagonjwa. Niliingia na kundi hilo, sahani imefungwa kwenye leso. Juu ya kitanda chake walikuwa wamebandika karatasi: ASILE WALA ASINYWE CHOCHOTE. Niliisoma. Nafundisha watu kusoma, siwezi kusema sikuiona.

Nilifungua leso. Akaisogeza sahani kwenye mwanga wa dirisha, akasoma polepole, mdomo unatikisika. Alipofika mwisho akaniangalia. "Hukuweka inshallah yako."

"Maneno ni yako," nikasema.

Machozi yakamtoka. Nikamimina maziwa, nikazungusha sahani mpaka maandishi yakayeyuka na maziwa yakawa ya njano. Hapo akasema, na haya ndiyo maneno yake, "Mabruki, nimeambiwa nisinywe kitu."

Nikamjibu, "Kombe si kinywaji. Ni maneno."

Akanywa yote. Akalamba ukingo pale asali ilipoganda, akasema, "Leo umeikoleza."

Saa moja Sayi akaja na fomu. Akamuuliza kama amekula au kunywa chochote tangu saa sita usiku. Mwanamkuu akasema hapana. Hakuwa anadanganya. Mimi nilikuwa nimesimama pale, na kweli kichwani mwangu jibu lilikuwa hapana. Ndivyo tulivyolelewa: mtu akikuuliza umekula nini leo, humtajii kombe, kama usivyomtajia sala.

Sayi akaiona sahani. Akauliza ni ya nini. Nikamweleza kwa fahari, Mungu anisamehe, nilitaka ajue kwamba nimeziandika sentensi zake. Nikamwambia na maziwa, na asali.

Hakupiga kelele. Alikaa ukingoni mwa kitanda, fomu mapajani. Kisha akasema taratibu, "Mwalimu, mtu aliyefunga Ramadhani, ungempa hii saa saba mchana?"

Miaka arobaini naandika kombe. Kila Ramadhani nawaambia wagonjwa wenye saumu, ngojeni magharibi, kabla ya hapo inafunguza. Nalijua jambo hili kuliko mtu yeyote katika mji huu.

Dk. Octavian, yule bingwa, alikuja mwenyewe. Hakuwa mkali. Alisema maziwa yakipanda mtu akiwa kwenye nusukaputi yanaingia kwenye mapafu, anaweza kufia mezani. Ingebidi wangoje muda wa saa sita au saba hivi, na orodha ya leo imejaa mpaka magharibi. Kesho ndiyo siku yao ya mwisho na kuna watu kumi na wawili, wengine wametoka Urambo na Kaliua na wanatoka damu. Nilimwambia anikate mimi. Akanishika bega. "Mzee wangu, tutampa barua ya Mwanza. Waombe wamuwahishe."

Mwanamkuu alikuwa amekwisha kuvalishwa lile gauni la kijani. Alilivua mwenyewe, akalikunja vizuri, akampa Sayi. Tulirudi kwa bajaji. Tulipofika mlangoni akasema, "Nilikuambia nimekatazwa."

Hajasema kitu kingine tangu hapo.


Jumamosi, 30 Novemba

Barua ya Mwanza imejibiwa. Tarehe 14 Januari. Hakuna ya karibu zaidi.


Jumanne, 3 Desemba

Mvua.


Ijumaa, 6 Desemba

Najiat amefika. Ndiye mtoto wetu wa pekee, anafundisha shule ya msingi Lusu, nje ya Nzega, na shule zimefungwa. Alinipigia shikamoo, nikamwitikia, akaingia moja kwa moja kwa mama yake. Alipotoka alikaa mbele yangu barazani.

"Baba, ile karatasi kitandani uliisoma?"

Ningeweza kusema sikuvaa miwani. Nikasema, "Niliisoma."

Akainuka akaenda kuanua nguo. Hazikuwa zimekauka.


Jumatatu, 9 Desemba

Najiat bado hasemi nami zaidi ya chakula tayari.


Jumamosi, 14 Desemba

Amekuja mama kutoka Sikonge, ametembea na tope mpaka magotini, mwanawe ana homa. Anataka kombe. Nimemwambia siandiki tena, ampeleke hospitali. Akasema ametoka huko na dawa amepewa, sasa anataka na dua. Nimefunga mlango.

Mwanamkuu alisikia. Akatoka chumbani akishika ukuta, akamfungulia, akampa chai, akamwombea mtoto yeye mwenyewe. Baadaye akaniambia, "Ukinikosea mimi, usimlipize mtu mwingine."

Hayo ndiyo maneno mengi zaidi aliyonipa tangu siku ile. Nimeyapokea kwa furaha, na ndivyo nilivyoishiwa.


Ijumaa, 20 Desemba

Tumbo limeanza kujaa. Sketi zake anazifumua pembeni na kuongeza kitambaa. Anafanya kazi safi, mshono hauonekani.


Jumatano, 25 Desemba

Sayi amepita baada ya zamu yake ya Krismasi, ametuletea vitumbua na maembe. Nilitaka kumkimbia. Alinikuta nyuma ya nyumba, nikamwambia ukweli, kwamba tangu mwanzo nilimwonea wivu. Alifanikiwa kumtuliza mke wangu kwa maneno matatu, na mimi nilitaka yawe yangu. Ndiyo maana niliyaweka kwenye sahani.

Akasema, "Na mimi nilipaswa kusimama mlangoni asubuhi ile. Nilijua ni saa ya uji. Nilikwenda kunywa chai."

Basi tukakaa pale wawili, kila mmoja na chai yake ya kujilaumu. Nimemwita mwanangu. Limenitoka tu.


Alhamisi, 2 Januari

Leo nimesikia anazisema tena, zile tatu. Tangu Novemba alikuwa ameacha.


Jumatatu, 13 Januari

Tumefika Mwanza. Barabara ya Nzega ilikuwa safi, ila kila tuta Mwanamkuu alishika kiti cha mbele. Nilimtilia mto mgongoni. Hapo Nzega stendi Najiat alitaka kununua karanga, mama yake akamwambia asinunue, mimi nisije nikamlisha tena. Kondakta akacheka bila kujua anacheka nini. Mimi pia nilicheka. Ni mara ya kwanza kunitania tangu mambo yale, na nimekaa na utani huo mpaka Mwanza.


Jumanne, 14 Januari

Sikuingia wodini asubuhi. Nilikaa nje ya geti, kwenye mvua, mikono mitupu ili kila mtu aione. Nilimwachia Najiat. Amenieleza kwamba mama yake alisema zile sentensi mpaka kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, na nesi wa huko, asiyemjua kabisa, akawa anamwitikia.

Walisema kazi itachukua saa tatu au nne. Walitoka baada ya saa moja. Nilidhani wepesi huo ni neema.

Saa nane mchana Najiat alitoka mbio, kanga inaburuzika. "Baba, ameamka! Anadai chai!" Nilicheka kwa sauti, nikamkumbatia mwanangu, naye akanikumbatia, na hapo nikajua amenisamehe. Watu wakatugeukia. Nilikuwa naelekea kantini kuiulizia hiyo chai ndipo daktari akaniita.

Wamefungua, wameona, wamefunga. Umekwisha kusambaa, mpaka kwenye utumbo na ini. Hakuna cha kukata.

Nilimuuliza swali moja. Nikamwambia ajibu kama anavyomjibu daktari mwenzake. Kama angepasuliwa tarehe 28 Novemba, ingekuwa tofauti? Akasema, "Mzee, sijui. Huenda ulikuwa umekwisha kusambaa. Huenda haukuwa. Hakuna mtu atakayekujibu hilo."

Kisha nikapeleka chai. Alikunywa funda mbili akasema haina sukari ya kutosha.


Jumapili, 26 Januari

Tumerudi nyumbani. Anajua. Alimwuliza Najiat, naye hawezi kumficha mama yake kitu.


Jumanne, 4 Februari

Leo nilimwomba msamaha kwa maneno kamili. Kabla ya leo nilizungukazunguka, nikampa mito, nikamchemshia maji ya kuoga, nikamsugua miguu. Leo nilikaa sakafuni karibu na kitanda nikasema, "Mwanamkuu, nilikutoa kwenye mikono ya daktari kwa mikono yangu. Kama nimekuua, niambie. Kama umenisamehe, niambie. Nashindwa kuishi katikati."

Alifumba macho mpaka nikadhani amelala. Halafu akasema, "Nitakujibu."

"Lini?"

"Usinihimize, Mwalimu. Nikiwa tayari."


Jumatano, 12 Februari

Mvua na upepo. Bati moja la jikoni limeng'oka. Sikulirudisha, nimeweka ndoo.


Jumapili, 16 Februari

Najiat amechukua likizo. Wanashinda wamejifungia wawili. Nikibisha hodi nasikia vitu vinafunikwa. Leo nimeona vidole vya Mwanamkuu vina rangi ya njano. Nikauliza, Najiat akajibu haraka, "Bizari, baba. Alitaka kunisaidia kupika." Mtu asiyeweza kukaa bila kuegemezwa anapika? Nimefikiri ni ini. Nimetoka nje nikalia.


Jumamosi, 22 Februari

Sayi anakuja kila akitoka zamu, anamchoma sindano ya maumivu. Leo alimuuliza kama angependa kubadilisha sentensi zake, maana hali imebadilika. Mwanamkuu akasema zibaki mbili za mwanzo. Ya tatu akasema ameshaitafutia mahali.

Sikuuliza mahali gani. Niliona kuuliza ni kumhimiza.


Jumapili, 2 Machi

Ramadhani imeingia. Mara ya kwanza tangu tuoane nakula daku peke yangu. Alisikia vyombo akaniita, akataka nimwambie nimekula nini. Wali na maharage, nikasema. Akasema, "Umesahau tende."


Jumatatu, 10 Machi

Hali chakula. Analowanishwa midomo kwa pamba. Nimeanza kukasirika kwamba hajanijibu, nikajichukia kwa hasira hiyo, kisha nikakasirika tena. Naandika kwa sababu niliahidi kutojitetea.


Alhamisi, 13 Machi

Mwanamkuu amefariki leo saa nne asubuhi.

Nilikuwa nasoma Yasini. Sayi alikuwa amemshika gumba, Najiat amemshika kichwa. Alisema ya kwanza, mwili wangu ni wangu, kwa sauti tuliyoisikia sote. Ya pili tuliiona kwenye midomo. Ya tatu hakuisema.

Hakunijibu.


Ijumaa, 14 Machi

Tumemzika kwenye mvua. Kaburi lilikuwa linaingia maji, wakayakumba kwa ndoo. Nilitaka kuwaambia wasubiri likauke, ila si mimi wa kumchelewesha tena.


Jumapili, 16 Machi

Matanga yamevunjwa. Wageni wameondoka, majamvi yamekunjwa. Alasiri Najiat alinikuta nimekaa mbele ya cherehani, akaweka mbele yangu kitu kilichofunikwa leso. Ni ile leso niliyoingia nayo wodini.

"Mama amesema nikupe baada ya matanga," akasema. "Aliandika mwenyewe, siku nne, mstari mmoja na kupumzika. Mimi nilishika sahani tu."

Ni sahani yangu nyeupe. Zafarani imekauka. Herufi za Kiarabu, zimepinda, nukta nyingine hazipo, mwandiko wa mtoto wa chuo ambaye baba yangu alimtandika kwa ajili ya nukta hizo hizo. Nimezisoma mara nyingi kiasi cha kuziandika hapa bila kuangalia.

Mabruki alinipa maneno yangu.
Hasira yangu iliisha njiani, pale Nzega.
Ataamka, atadai chai yake, inshallah.

Nililia mbele ya mwanangu bila kuficha uso. Lile inshallah ameliandika kubwa kuliko yote, limekula nusu ya sahani, na namjua mke wangu, alikuwa anacheka alipoliandika.

Kisha nikasema niletewe marashi niioshe. Najiat akaisogeza mbali. "Ameagiza kwa maziwa ya moto na asali. Na amesema magharibi, si kabla. Amesema, Mwalimu anajua kwa nini."

Basi nimengoja. Nimekaa na sahani mapajani, nikiangalia jua linavyojitahidi kutoka chini ya mawingu upande wa Ujiji, na sijawahi kuona saumu ndefu kama ya leo. Nilitaka kuyaacha maandishi yale yakae milele. Lakini mtu huandikiwa kombe ili alinywe.

Adhana ilipolia nilifunua leso. Najiat akamimina. Nikazungusha sahani mwenyewe, nikaona jina langu linatoka kwanza, kisha Nzega, kisha lile inshallah kubwa likakawia kidogo ukingoni, kisha nalo likaingia kwenye maziwa. Nikasema bismillah, nikanywa yote. Ilikuwa imekolezwa.

Nikakaa. Mvua ikaanza tena juu ya bati.

"Najiat," nikasema, "chai yangu iko wapi?"